Mbegu za maua wakati wa kipupwe: Mkulima wa Meru na Embu ahesabu kutoka mvua ya Oktoba

KILA mwaka ifikapo Julai, mawingu hushuka hadi yakafunika misitu ya Mlima Kenya pamoja na vijiji vinavyopakana nayo. Kuanzia Manyatta na Kianjokoma katika Kaunti ya Embu hadi Kibirichia na Timau katika Kaunti ya Meru, jua huweza kukosekana kwa siku kadhaa mfululizo. Wakulima wengi huamini kwamba huo si wakati wa kusia mbegu yoyote, sembuse mbegu laini za maua.

Kwa anayetegemea maua kupata riziki, imani hiyo ina gharama. Miche inayohitajika mvua ya Oktoba inapoanza haiwezi kuandaliwa Oktoba hiyo hiyo. Anayengoja baridi iishe kabisa ndipo asie mbegu hujikuta na miche michanga mvua ikiwa inakaribia kukatika. Maua yake huchanua baada ya harusi na sherehe za Desemba kupita, wakati ambapo wanunuzi wamekwisha kutawanyika.

Kwa upande mwingine, anayesia mbegu katika kipupwe bila kuielewa baridi yenyewe hupata hasara ya aina nyingine. Mbegu hukaa udongoni wiki tatu bila kuota, kisha huoza. Zile chache zinazochomoza huanguka kama nyasi zilizokatwa. Pesa zilizonunulia pakiti huwa zimekwenda, na wakati uliopotea haununuliki.

Kati ya hasara hizo mbili ipo njia ya tatu, nayo haihitaji mitambo ya bei ghali. Inahitaji mkulima ajue mambo mawili tu: baridi ya eneo lake ni ya namna gani, na hesabu ya siku zake inaanzia wapi.

Maagizo yaliyoandikiwa nchi nyingine

Pakiti nyingi za mbegu za maua zinazouzwa madukani huandikwa maagizo yanayozifaa nchi za Ulaya na Marekani. Mnunuzi huambiwa asie mbegu ndani ya nyumba wiki sita hadi nane kabla ya jalidi ya mwisho, yaani kabla ya usiku wa mwisho ambapo umande huganda na kuunguza mimea. Kwa mkulima wa huko, maagizo hayo yana maana kubwa. Theluji ikiyeyuka na jalidi ikikoma, ardhi hufunguka na msimu wa kupanda huanza.

Mkulima wa Runyenjes au Nkubu anaposoma maneno hayo hubaki akijiuliza maswali. Kwake hakuna theluji inayofunika shamba, wala hakuna tarehe moja ya jalidi ya mwisho. Katika nyanda za juu za Kenya, jalidi huonekana zaidi Januari na Februari, miezi ya kiangazi ambapo usiku huwa hauna mawingu na joto la ardhi hutoroka kwenda angani. Mnamo Januari 2012, kwa mfano, jalidi iliharibu majani chai katika sehemu za Kericho na Nandi. Mawingu yale yale ya Julai yanayolaumiwa kwa kuficha jua ndiyo yanayofanya kazi ya blanketi usiku.

Tofauti nyingine ni ya urefu wa mchana. Katika miji mingi ya kaskazini mwa Ulaya, mchana wa Desemba huwa wa saa nane au hata chini ya hapo, na mkulima hulazimika kuwasha taa ili miche yake isife kwa kukosa mwanga. Mstari wa ikweta hupita katika Kaunti ya Meru, na Embu iko karibu nao upande wa kusini. Kwa hiyo mchana huko huwa wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Kinachopungua Julai ni ukali wa jua wala si urefu wa siku.

Basi maagizo ya pakiti hayafai kutupwa, bali yanafaa kufasiriwa. Mahali palipoandikwa "jalidi ya mwisho", mkulima wa Meru na Embu asome "mvua ya kwanza".

Baridi iliyo udongoni

Hewa huwa baridi zaidi kadiri mtu anavyopanda mlima. Kwa wastani, kila mita 1,000 za kupanda hupunguza takriban nyuzi sita za Selsiasi. Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, ilhali Timau iko zaidi ya mita 2,000. Ndiyo maana mkulima wa Ishiara, kwenye nyanda za chini zenye joto, anaweza kusia mbegu Julai bila wasiwasi, naye jamaa yake aliye karibu na msitu akashindwa kwa mbegu za pakiti ile ile.

Hata hivyo, mbegu haihisi baridi anayoihisi mtu akitoka nje alfajiri. Mbegu huhisi baridi ya udongo ulioizunguka. Mbegu ya marigoldi au ya zinia huota haraka, pengine ndani ya siku nne hadi saba, udongo ukiwa na nyuzi 21 hadi 25. Udongo huo ukishuka hadi nyuzi 13 au 14, mbegu hufyonza maji na kuvimba, lakini chembechembe zake hufanya kazi polepole mno. Wakati huo kuvu wanaopenda unyevu na baridi hawangoji. Huishambulia mbegu kabla haijatoa mzizi.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza anachohitaji mkulima ni kipimajoto cha kawaida. Hutiwa udongoni kwa kina cha sentimita tatu hivi, asubuhi na alasiri, kwa siku nne au tano mfululizo. Vipimo hivyo vitamweleza zaidi kuliko kalenda. Asiye na kipimajoto anaweza kuchomeka kidole udongoni asubuhi. Udongo unaofanya kidole kitamani kutoka haufai mbegu zinazopenda joto.

Kuhesabu kurudi nyuma

Maeneo ya mashariki mwa Mlima Kenya hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Mvua ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, nayo mvua ya vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Kwa kawaida vuli huanza kushika katikati ya Oktoba, na wakulima wengi wa pande hizi, hasa wa nyanda za chini, huitegemea zaidi kuliko ile ya masika.

Mkulima wa maua aichukue tarehe 15 Oktoba kuwa siku ya kuhamishia miche shambani, kisha ahesabu wiki kurudi nyuma. Marigoldi na zinia huhitaji wiki tano hadi sita kitaluni, kwa hivyo husiwa mwanzoni mwa Septemba au mwishoni mwa Agosti. Petunia hukua polepole na kuhitaji wiki nane hadi kumi, hivyo basi siku yake huangukia mwanzoni mwa Agosti. Snapudragoni, ua ambalo watoto hupenda kulibana ili lifungue mdomo, linahitaji muda kama huo au zaidi. Pansi na delfinia huweza kuchukua wiki kumi hadi kumi na mbili, maana yake ni kwamba mbegu zake zinafaa kuwa udongoni mwishoni mwa Julai.

Baada ya hesabu hiyo, mkulima wa nyanda za juu aongeze wiki moja au mbili kwa sababu ya baridi. Maji yanayochelewa kuchemka sufuriani hayalazimishwi kwa kukazia macho, na mche wa Kibirichia hauwezi kukua kwa kasi ya mche wa Mbeere.

Jambo la kutia moyo ni kwamba hesabu hii inakwenda sambamba na tabia ya mbegu zenyewe. Mbegu zinazohitaji wiki nyingi, kama vile pansi na delfinia, ndizo zinazopenda ubaridi. Delfinia huota vyema udongo ukiwa na nyuzi 13 hadi 18, na joto likizidi sana hukataa kuota. Pansi nayo hupendelea nyuzi 16 hadi 20. Mbegu zinazokimbia, kama vile zinia na marigoldi, ndizo zinazotaka joto, na zamu yao huja Agosti inapoisha, wakati mawingu yanapoanza kufunguka. Mkulima anayefuata mpangilio huu hapigani na kipupwe. Hukitumia mwanzo wake kwa mbegu za baridi na mwisho wake kwa mbegu za joto.

Makosa mengi hutokea pale mtu anapofungua pakiti zote siku moja na kuzisia pamoja kwa sababu amepata nafasi. Mbegu za joto huoza, naye hudhani kwamba aliuziwa mbegu mbovu.

Kuijaribu mbegu kabla ya kuisia

Ni kweli pia kwamba kuna mbegu zilizokufa. Mbegu za delfinia, kwa mfano, hupoteza uhai upesi zikihifadhiwa mahali penye joto. Mnunuzi anashauriwa kusoma tarehe iliyopigwa chapa kwenye pakiti na kukataa pakiti iliyoanikwa juani dirishani mwa duka.

Jaribio rahisi huchukua siku chache. Mbegu kumi huwekwa juu ya kitambaa au karatasi laini iliyoloweshwa, hukunjwa, hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha huwekwa mahali penye joto linalofaa aina hiyo. Zikiota nane au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota tano, mkulima asie mara mbili ya idadi aliyokusudia. Zikiota mbili au tatu, ni afadhali kutafuta pakiti nyingine kuliko kupoteza msimu mzima.

Anayetaka kujiwekea mbegu zake mwenyewe achague maua yasiyo chotara. Mbegu zinazovunwa kutoka kwa maua chotara huzaa miche yenye rangi na vimo tofauti tofauti, jambo lisilompendeza mteja aliyeagiza rangi moja.

Joto kutoka chini

Udongo wa kitalu unafaa kuwa mwepesi na wenye kupitisha maji. Mchanganyiko unaotumika sana ni sehemu mbili za udongo wa msituni au wa shambani uliochekechwa, sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Udongo mwekundu wa Meru na Embu una rutuba, lakini ukitumiwa peke yake hushikamana, hukaa na maji, na huwa baridi kwa muda mrefu. Mchanga huondoa tatizo hilo.

Kuua viini vya magonjwa, udongo uliolowa kidogo hutiwa ndani ya pipa juu ya moto hadi ufikie nyuzi 82, kisha huachwa katika joto hilo kwa nusu saa. Hauhitaji kuungua. Udongo uliochomwa kupita kiasi huwa na chumvi zinazodhuru mizizi.

Baada ya hapo huja swali la joto. Mashamba makubwa ya maua karibu na Timau yana vivungulio, yaani nyumba za plastiki za kukuzia mimea, lakini mkulima mdogo ana chanzo cha joto ambacho mara nyingi hukitazama tu kama taka. Chanzo hicho ni samadi mbichi kutoka zizini.

Shimo lenye kina cha sentimita 50 hivi huchimbwa mahali pasipo na kivuli. Samadi mbichi iliyochanganywa na nyasi za matandiko ya ng'ombe hushindiliwa humo hadi ifikie kina cha sentimita 30 au zaidi, kisha hunyunyiziwa maji kidogo. Vijidudu vinavyoiozesha hutoa joto. Siku za kwanza joto hilo huwa kali mno, kwa hivyo mkulima hungoja hadi lipungue, kwa kawaida baada ya wiki moja hivi. Ndipo huweka tabaka la udongo wa sentimita 10 hadi 15 juu yake, au hupanga trei za miche juu ya udongo huo. Kitanda hicho huendelea kutoa uvuguvugu kwa wiki kadhaa, muda unaotosha mbegu kuota na kujiimarisha.

Kwa trei chache, jiko la kuni nalo linatosha. Trei ikiwekwa kwenye rafu karibu na meko, mbali na moto wenyewe, hupata joto la usiku kucha. Lakini lazima ikaguliwe kila asubuhi. Siku ile mche wa kwanza unapochomoza, trei itolewe nje kwenye mwanga. Mche uliozaliwa gizani hurefuka kama uzi ukitafuta jua, na hakuna mbolea inayoweza kuurudisha ukawa mnene.

Chupa za plastiki zilizo wazi nazo zina kazi. Katika sehemu za Marekani zenye theluji, wapenda bustani wengi husia mbegu ndani ya madumu matupu ya maziwa na kuyaacha nje majira yote ya baridi. Madumu hayo hukatwa katikati, hutobolewa matundu chini, hujazwa udongo na kufunikwa tena. Theluji inapoyeyuka, mbegu huota zenyewe. Mlima Kenya hauteremshi theluji yake hadi vijijini, lakini chombo hicho hufanya kazi hapa pia, kama kivungulio kidogo kinachonasa joto la jua hafifu la Julai. Kizibo kiachwe wazi ili hewa ipite.

Kwa mbegu zinazodai baridi kali kabla ya kuamka, kama vile baadhi ya aina za lavenda, friji huchukua nafasi ya theluji. Mbegu huchanganywa na mchanga wenye unyevu, hufungwa kwenye mfuko, na kukaa humo wiki tatu hadi sita kabla ya kusiwa.

Mbegu za mwanga na mbegu za giza

Gramu moja ya mbegu za petunia huwa na takriban mbegu 10,000. Mbegu ndogo kiasi hicho haina akiba ya chakula cha kuiwezesha kupenya tabaka nene la udongo. Petunia, snapudragoni na begonia zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hivyo hutawanywa juu ya udongo na kubonyezwa polepole kwa ubao. Wengi huzichanganya kwanza na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja.

Pansi na delfinia ni kinyume chake. Hupenda giza, na trei zake hufunikwa kwa gunia au gazeti hadi zichomoze. Zinia na marigoldi hazina masharti makali. Hufunikwa kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Kanuni ya jumla ni kwamba mbegu ifunikwe kwa udongo usiozidi mara mbili ya unene wake.

Ugonjwa wa kinyausi

Adui mkubwa wa kitalu katika kipupwe ni kinyausi. Mche huonekana mzima jioni, na asubuhi hupatikana umelala, shina lake likiwa limenywea pale linapogusa udongo. Ugonjwa huu huletwa na viini vinavyoishi udongoni, na husambaa kutoka mche mmoja hadi mwingine kama moto wa nyika.

Mara nyingi mkulima huuleta kwa mkono wake mwenyewe. Siku za mawingu, maji hukauka polepole, lakini watu wengi huendelea kunyunyiza asubuhi na jioni kana kwamba ni Februari. Udongo hujaa maji, mizizi hukosa hewa, na viini hupata makao. Katika kipupwe, kitalu kinyunyiziwe maji mara moja tu, tena asubuhi, na ni pale ambapo udongo wa juu umeanza kukauka. Miche isilale ikiwa na maji kwenye majani.

Maji yenyewe yanafaa kuangaliwa. Maji ya mito kama Rupingazi na Kathita, na yale ya mifereji na mabomba yanayotoka mlimani, huwa baridi kweli. Yakimwagwa moja kwa moja kwenye trei iliyopashwa joto usiku kucha, kazi yote huharibika kwa dakika moja. Maji hayo yatekwe jana yake na kuachwa ndani ya dumu karibu na jiko au juani.

Mambo mengine yanayozuia kinyausi ni kusia mbegu zikiwa zimeachana, kuondoa kifuniko mchana ili hewa ipite, na kung'oa mara moja mche ulioanguka pamoja na udongo unaouzunguka. Trei za mwaka uliopita zioshwe kwa sabuni na dawa ya klorini kabla ya kutumiwa tena.

Ua linalodai baridi

Kama kuna ua linalothibitisha kwamba baridi si adui, ni pareto. Ua hili jeupe lenye kiini cha manjano lilitoka Dalmatia, katika nchi ambayo leo ni Kroatia, na lilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Vichwa vyake vikikaushwa hutoa dawa ya kuua wadudu inayohitajika duniani kote. Kwa miongo kadhaa Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo, kabla ya uzalishaji kuporomoka huku wakulima wengi wakilalamikia malipo yaliyochelewa. Sheria ya Pareto ya mwaka wa 2013 ilinuiwa kulifufua zao hilo na kufungulia kampuni za kibinafsi mlango.

Pareto hustawi katika nyanda zilizo zaidi ya mita 1,800 hivi, kama zile za juu za Meru. Mbegu yake ni ndogo, huota kwa wiki mbili hadi tatu, na mche wake hukaa kitaluni miezi mitatu hadi minne. Anayetaka kuihamishia shambani wakati wa vuli hana budi kuisia mwezi Juni au mwanzoni mwa Julai, baridi inapoingia. Kama mbegu nyingine, hunufaika na uvuguvugu kutoka chini.

Lakini mche ukishakomaa, mambo hugeuka. Pareto haitungi vitumba vya maua mpaka ipitie siku zipatazo kumi za ubaridi ulio chini ya nyuzi 16 hivi. Ikipandwa penye joto hutoa majani mengi na maua machache. Baridi ile ile inayochelewesha mbegu yake ndiyo inayofungua ua lake, na ndiyo inayompa mkulima wa mlimani bidhaa ambayo mwenzake wa nyanda za chini hawezi kuilima.

Waridi, ambalo limeipa Timau sifa katika masoko ya ng'ambo, liko nje ya hesabu hii. Waridi la biashara haliandaliwi kwa mbegu, bali kwa vipandikizi na kwa kubebesha. Anayenunua mbegu za waridi akitarajia maua kama yale ya masoko ya Ulaya atavunjika moyo.

Kutoka kitaluni hadi shambani

Mche ukipata majani mawili ya kweli, baada ya yale ya kwanza yaliyotoka na mbegu, huhamishiwa kwenye chombo chake peke yake. Pakiti tupu za maziwa na vikombe vilivyosokotwa kwa magome makavu ya mgomba vinafaa. Mche ushikwe kwa jani, kamwe usishikwe kwa shina. Jani likivunjika litaota jingine, lakini shina likipondeka mche umekwisha.

Siku kumi kabla ya kuhamishwa, miche hufundishwa maisha ya nje. Siku ya kwanza hutolewa kwa saa mbili, kisha muda huongezwa kila siku hadi ilale nje usiku kucha. Maji hupunguzwa kidogo. Mche uliolelewa kwenye uvuguvugu na kutupwa ghafla shambani hubabuka majani, na huweza kudumaa kwa wiki mbili, wakati ambao mvua haimngoji mtu.

Hatimaye mkulima asubiri mvua inyeshe mara mbili au tatu vizuri kabla ya kupanda. Mvua moja ya mwanzoni mwa Oktoba imewahi kuwahadaa wengi. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa hutolewa kabla ya kila msimu, na maafisa wa kilimo wa kaunti, kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO mjini Embu, pamoja na chuo cha mafunzo ya wakulima cha Kaguru karibu na Nkubu, ni mahali pa kuulizia yale ambayo pakiti ya mbegu haikuandikwa kuyajibu.

Wahenga walisema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Katika bustani ya maua, anayechelewa hupata maua wanunuzi wakiwa wameondoka. Mwenye kuyauza maua yake Desemba katika soko la Embu au Meru ni yule ambaye Julai, huku mawingu yakiwa yamefunika mlima, alikwisha kuchimba shimo la samadi, akapima udongo wake, na kuifungua pakiti ya kwanza.